Diski za breki: Zikerezwe au zibadilishwe?

MWENYE gari anapoelezwa na fundi kwamba diski za breki zimelika, kwa kawaida huwekewa mambo mawili mbele yake. La kwanza ni kuzifungua diski hizo na kuzipeleka kwa mkereza vyuma, zipunguzwe kidogo kila upande hadi uso wake uwe laini tena. La pili ni kuzitupa na kununua nyingine. Kazi ya kwanza, ambayo katika gereji nyingi nchini huitwa kuskimu, ni nafuu kwa mfuko. Ya pili huweza kuvuruga bajeti ya mwezi mzima, hasa kwa mtu ambaye bado anadaiwa karo ya shule na kodi ya nyumba.

Aghalabu uamuzi huo hufanywa kwa kuangalia bei peke yake. Fundi hutupa jicho kwenye diski, hupitisha kidole juu ya mikwaruzo, kisha hutoa hukumu: "Hii bado iko sawa, itachongwa." Mwenye gari naye, kwa kuwa hana la kupinga, hukubali na kushukuru kwamba ameepushiwa gharama.

Hata hivyo, jawabu la swali hili halimo machoni mwa fundi wala mfukoni mwa mteja. Limo kwenye unene wa diski yenyewe, na unene huo hupimwa kwa chombo. Diski inaweza kung'aa kama kioo baada ya kukerezwa na bado ikawa ya hatari. Nyingine inaweza kuwa na mistari inayotisha ilhali imebakiza maisha marefu.

Kazi ya diski

Ili kuelewa sababu, ni vyema kwanza kufahamu kazi inayofanywa na kipande hicho cha chuma. Diski ni sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, nayo pistoni huzibana pedi mbili dhidi ya diski, moja kila upande. Msuguano huo ndio unaopunguza mwendo wa gari.

Lakini mwendo haupotei hivi hivi. Hugeuka kuwa joto. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kasi ya kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya takriban kilojuli 580, kiasi ambacho kingetosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji baridi. Linaposimamishwa kwa breki, karibu nishati hiyo yote huingia kwenye diski na pedi katika muda wa sekunde chache.

Kwa kuwa gari huinamia mbele linapofunga breki, magurudumu ya mbele hubeba takriban asilimia 70 ya mzigo huo. Ikiwa kila diski ya mbele ina uzito wa kilo tano, kusimama mara moja tu kutoka kasi hiyo huweza kupandisha joto lake kwa nyuzi 90 hivi. Dereva akifunga breki mara kadhaa mfululizo bila kuipa diski nafasi ya kupoa, joto hujilimbikiza.

Hapo ndipo umuhimu wa unene unapojitokeza. Diski ni ghala la joto. Kadiri inavyokuwa nzito na nene, ndivyo inavyoweza kupokea joto jingi kabla ya kuwaka. Diski iliyolika au iliyokerezwa kupita kiasi ni ghala lililopunguzwa: joto lile lile huingia katika chuma kichache, na matokeo yake ni kwamba kinapata moto upesi na kwa kiwango kikubwa zaidi. Pedi zinapozidiwa na joto, nguvu zake za kushika hupungua, na mafuta ya breki yakichemka, kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Diski inapokuwa nyembamba na pedi nazo zikawa zimekwisha, pistoni hulazimika kutoka nje ya kalipa zaidi ya ilivyokusudiwa na watengenezaji. Inaweza kukaa upande, kukwama au kuvujisha mafuta. Yote haya hutokea ndani ya gurudumu, mahali ambapo dereva haoni.

Namna diski inavyolika

Hakuna diski isiyolika. Hata barabara iwe nzuri na dereva awe mpole, chuma hupungua kidogo kidogo kila breki inapofungwa. Lakini mazingira ya humu nchini yana njia zake za kuharakisha mambo.

Katika barabara za murram, vumbi na changarawe ndogo hupenya kati ya pedi na diski na kuchora mifuo. Katika miteremko mirefu, kama ule unaoelekea Mai Mahiu, au ule wa kutoka Iten kuteremkia Tambach, joto ndilo adui mkubwa. Kwa kila mita 100 za kimo ambazo gari la kilo 1,500 huteremka, huachilia nishati ya kilojuli 1,470 hivi. Hiyo ni sawa na kusimamishwa mara mbili na nusu kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo hupotelea hewani na kwenye injini, lakini dereva asiyetumia gia ndogo huitupia breki sehemu kubwa.

Mombasa, Malindi na Lamu nako, hewa yenye chumvi huleta kutu. Utando mwembamba wa kutu unaoonekana asubuhi baada ya gari kulala nje si jambo la kuhofisha, kwani pedi huufuta dereva anapofunga breki mara chache za kwanza. Kutu inayodhuru ni ile iliyokula chuma hadi kuacha mashimo, au iliyojaa kwenye matundu ya hewa yaliyo katikati ya diski, ambayo kazi yake ni kuipoza. Magari yaliyokaa muda mrefu bila kuendeshwa, yakiwemo yaliyoagizwa kutoka ng'ambo na kusubiri wanunuzi uwanjani, huweza kuwa na tatizo hilo hata kama kilomita zilizosomeka ni chache.

Sababu nyingine ni uzembe wa kawaida. Pedi nyingi huwa na kibati kidogo ambacho hugusa diski na kupiga kelele kali pale zinapokaribia kwisha. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asisikie kelele hiyo huishia kusaga chuma kwa chuma, kwa sababu pedi ikiisha kabisa, bamba lake la nyuma ndilo linaloikwaruza diski. Kazi ambayo ingemalizwa kwa kubadilisha pedi pekee hugeuka kuwa ya pedi na diski. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nambari iliyochorwa kwenye chuma

Watengenezaji wa magari hawakuliacha swali hili liamuliwe kwa kukisia. Diski nyingi huwa zimechorwa au kupigwa chapa yenye herufi "MIN TH" ikifuatwa na nambari, ama kwenye ukingo au karibu na sehemu ya katikati inayofungwa na nati. Hiyo ndiyo idadi ya milimita ambayo diski haifai kupungua chini yake. Ikiwa kutu imeifuta, kipimo hicho hupatikana katika kitabu cha ukarabati wa gari husika.

Kinachowashangaza wengi ni udogo wa nafasi iliyopo. Diski ya mbele ya gari dogo la familia inaweza kuwa na unene wa milimita 22 au 25 ikiwa mpya, na tofauti kati ya unene huo na kiwango cha mwisho mara nyingi ni milimita mbili tu. Yaani milimita moja kila upande. Diski za nyuma, ambazo aghalabu hazina matundu ya hewa katikati, huwa nyembamba zaidi na nafasi yake ni ndogo hata kuliko hiyo.

Kipimo kama hicho hakiwezi kuchukuliwa kwa rula. Chombo kinachofaa ni maikromita, ambayo husoma hadi sehemu ya mia moja ya milimita. Diski hupimwa mahali kadhaa, aghalabu panane, katika mzunguko mmoja ulio kama sentimita moja kutoka ukingoni. Sababu ya kupima mahali pengi ni kwamba kinachotafutwa si unene pekee bali pia kama unene huo ni sawa pande zote. Kipimo kinachotumika kuamua ni kile cha chini kabisa.

Ukingo wenyewe haupimwi kwa sababu pedi hazifiki hapo. Ndiyo maana diski iliyolika huwa na mdomo ulioinuka pembeni. Anayeweka chombo chake juu ya mdomo huo hupata unene wa zamani na kudanganyika kwamba diski ingali nzima.

Hesabu ya magari mawili

Mfano utasaidia kulifafanua jambo hili. Tuseme magari mawili yanaingia gereji siku moja. Yote yana diski za mbele zilizokuwa na unene wa milimita 25 zilipokuwa mpya, na zimechorwa kiwango cha mwisho cha milimita 23. Zote zina mifuo inayohitaji kuondolewa milimita 0.3 kila upande ili uso uwe laini.

Diski za gari la kwanza zinapimwa na kupatikana zina milimita 24.2. Baada ya kukerezwa zitabaki na 23.6. Hapo ziko juu ya kiwango kwa milimita 0.6, sawa na asilimia 30 ya nafasi yote zilizokuwa nayo tangu mwanzo. Zinaweza kutumika, lakini mwenye gari anapaswa kujua kwamba amenunua chini ya theluthi moja ya maisha ya diski mpya.

Diski za gari la pili zina milimita 23.5. Kwa macho hazina tofauti na za gari la kwanza. Zikikerezwa zitabaki na 22.9. Zitakuwa zimepita kiwango kabla hata hazijarudishwa kwenye gari. Mteja aliyelipia kazi hiyo amelipia chuma cha kutupwa.

Hesabu hiyo pia ndiyo mizani ya bei. Ikiwa kukereza kunagharimu robo ya bei ya diski mpya na diski itakayobaki ina theluthi moja ya maisha yake, mteja amefaidika kidogo. Ikiwa kunagharimu nusu ya bei na kilichobaki ni moja ya kumi, amepata hasara, kwa sababu baada ya muda mfupi atalipia tena ufundi wa kufungua na kufunga na bado atanunua diski. Rahisi mara nyingi hugeuka kuwa ghali.

Ni muhimu kukumbuka vilevile kwamba nambari iliyochorwa ni mwisho wa safari, si mahali pa kuanzia. Diski iliyokerezwa hadi kufikia kiwango chenyewe itavuka mpaka huo katika kilomita za mwanzo za matumizi. Mkereza mwangalifu huacha akiba ya kutosha kudumu hadi pedi mpya zitakapokwisha.

Mtetemo na "diski iliyopinda"

Si kila anayepeleka gari kwa fundi huwa ameona mifuo. Wengi huenda kwa sababu usukani unatikisika au kanyagio linadunda chini ya mguu kila wanapofunga breki kwa kasi. Maelezo wanayopewa ni yale yale: diski zimepinda kwa joto, au zilimwagiwa maji zikiwa za moto.

Mara nyingi diski haijapinda kamwe. Tatizo ni kwamba unene wake umeacha kuwa sawa. Tofauti ya milimita 0.02 hivi, ambayo ni chini ya theluthi ya unene wa unywele wa binadamu, inatosha kumfanya dereva ahisi mtetemo. Pedi zinapopita sehemu nene, pistoni husukumwa nyuma. Zinapopita sehemu nyembamba, husogea mbele. Mdundo huo husafiri kupitia mafuta ya breki hadi kwenye kanyagio.

Tofauti hiyo hutokana na mambo mawili makuu. La kwanza ni mabaki ya pedi kugandamana mahali pamoja, kwa mfano dereva anapoteremka mlima kwa breki, akasimama ghafla na kuendelea kukanyaga huku diski ikiwa na moto mkali. Pedi huacha muhuri wake pale pale.

La pili ni diski kutokaa wima kwenye habu. Kutu kidogo au chembe ya uchafu kati ya diski na habu huifanya iyumbe inapozunguka. Magari mengi hayavumilii myumbo unaozidi milimita 0.05 au karibu na hapo. Diski inayoyumba hugusa pedi kila mzunguko hata wakati breki haijakanyagwa, na kila inapogusa hulika. Baada ya kilomita elfu kadhaa, sehemu hiyo huwa nyembamba kuliko nyingine na mtetemo huanza.

Nati za magurudumu zikikazwa kwa nguvu zisizo sawa, matokeo huwa ni hayo hayo. Fundi anayekaza nati moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, au anayetumia mashine ya upepo bila kipimo, huivuta diski upande. Nati zinafaa kukazwa kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kumalizia kwa spana yenye kipimo cha nguvu.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika mjadala wa kukereza au kubadilisha. Ikiwa chanzo ni kutu kwenye habu na kutu hiyo haikusafishwa, diski mpya ya bei ghali itaanza kutikisika sawa na ile kuukuu. Mteja atalaumu duka la vipuri, duka litamlaumu fundi, na chembe ya kutu iliyosababisha yote itaendelea kukaa mahali pake.

Wakati kukereza kunafaa

Kwa hivyo kukereza si kazi ya ulaghai wala si jambo la kudharauliwa. Ni kazi halali inayofaa pale masharti yake yanapotimizwa: diski iwe na unene wa kutosha kubaki juu ya kiwango baada ya kupunguzwa, isiwe na nyufa, isiwe imechimbwa na kutu, na kasoro yake iwe mikwaruzo ya kadiri, muhuri wa pedi au tofauti ndogo ya unene.

Kazi yenyewe nayo ina taratibu zake. Diski husafishwa kutu pande zote mbili za sehemu inayokaa kwenye habu kabla ya kufungwa kwenye mashine. Isipokaa sawa mashineni, itakerezwa ikiwa imeinama, na itatoka na myumbo ambao haikuwa nao ilipoingia. Zipo pia mashine zinazofungwa kwenye gari lenyewe na kuikereza diski ikiwa mahali pake, na faida yake ni kwamba hurekebisha myumbo wa diski na habu kwa pamoja.

Kisu kinapaswa kuwa kikali na kupita polepole katika awamu ya mwisho, kisha uso upitishwe msasa ili mistari ya kisu isibaki kama ya sahani ya santuri. Baada ya hapo diski huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa unga wa chuma hujificha kwenye vinyweleo vyake na huweza kuziharibu pedi mpya. Diski ya kushoto na ya kulia hukerezwa zote mbili ili gari lisivute upande mmoja.

Kupitisha grainda ya mkono juu ya diski ili kuondoa mdomo wa pembeni si kukereza. Grainda haina uwezo wa kuhakikisha kwamba pande mbili za diski ziko sambamba, na huweza kuacha tofauti za unene kubwa kuliko zile zilizomleta mteja.

Wakati hakuna budi kubadilisha

Zipo hali ambazo hazina mjadala. Diski iliyofika au iliyo karibu kufika kiwango cha mwisho haina dawa. Diski yenye ufa unaofika ukingoni inafaa kuondolewa barabarani siku hiyo hiyo. Mifuo mirefu kiasi kwamba kuiondoa kutamaliza akiba yote, na matundu ya hewa yaliyozibwa au kuliwa na kutu, nayo huidhinisha diski mpya.

Hali nyingine ni madoa ya samawati au meusi yaliyotapakaa juu ya uso. Hayo ni makovu ya joto kali. Chuma cha kusubu kikipata moto wa zaidi ya nyuzi 700 hivi, sehemu zake hugeuka muundo na kuwa ngumu kuliko chuma kinachozizunguka. Mkereza anaweza kuyaondoa madoa yanayoonekana, lakini ugumu huwa umezama ndani. Baada ya muda, sehemu laini hulika haraka kuliko sehemu ngumu na mtetemo hurudi. Aliyekerezewa diski moja mara mbili kwa mtetemo ule ule anafaa kushuku kwamba hilo ndilo tatizo.

Diski hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Anayenunua moja kwa kubana matumizi huwa na gurudumu moja lenye diski nene na jingine lenye nyembamba, na gari huenda likavuta upande dereva anapofunga breki ghafla, wakati ambapo anahitaji kwenda sawa kuliko wakati mwingine wowote. Pedi mpya pia hufuatana na diski mpya, kwani pedi kuukuu zimekwisha kuchukua umbo la mifuo ya zamani.

Mpya, kuukuu na zile za kati

Katika nchi tajiri mjadala huu umepoa. Kwa miaka mingi gereji za Marekani zilikuwa zikikereza diski kama jambo la kawaida kila pedi zilipobadilishwa. Baadaye watengenezaji walianza kupunguza uzito wa magari na kutoa diski zenye akiba ndogo ya chuma, huku diski za bei nafuu kutoka viwanda vya ng'ambo zikijaa sokoni. Saa moja ya fundi ikawa ghali kuliko kipuri chenyewe, na gereji nyingi zikaona heri kutupa na kufunga nyingine.

Humu nchini mizani imeelemea upande wa pili. Ufundi ni nafuu, kipuri ni ghali, na magari mengi yaliingia yakiwa tayari yametumika Japani kwa miaka kadhaa. Ndiyo sababu wakereza vyuma wangali na kazi, na ndiyo sababu ushauri wa moja kwa moja kutoka ng'ambo kwamba kila diski itupwe haumfai kila Mkenya.

Kuna pia njia ya tatu: diski zilizotumika, zinazouzwa katika maduka ya vipuri kama yale ya Kirinyaga Road jijini Nairobi. Zipo zilizo nzuri kati ya hizo. Lakini diski iliyotumika nayo ina umri wake, na huenda iling'olewa kwenye gari la kwanza kwa sababu ile ile iliyomfanya mteja aitafute nyingine. Anayeinunua anafaa kuitendea kama anavyoitendea yake: asome nambari, apime unene, atazame nyufa na madoa, na apige hesabu ya kilichobaki kabla ya kutoa pesa.

Kwa diski mpya, tahadhari ni kwamba bei ndogo mno ina maelezo yake. Diski inayofaa huwa na unene, kipenyo na kimo vinavyolingana na vya asili, chapa ya mtengenezaji, na nambari ya kiwango cha mwisho. Diski mpya isiyo na nambari humnyima fundi wa kesho uwezo wa kujua lini iondolewe.

Baada ya kufungwa

Iwe imekerezwa au imenunuliwa, diski haianzi kazi kamili siku ya kwanza. Mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani, nayo yasipooshwa huingia kwenye pedi. Dereva hukanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama ili pistoni zirudi mahali pake. Anayesahau hatua hiyo huenda akakuta kanyagio tupu langoni mwa gereji.

Kisha pedi na diski zinahitaji kuzoeana. Njia inayotumiwa na wengi ni kuendesha hadi kilomita 50 kwa saa kwenye barabara isiyo na msongamano, kufunga breki kwa kiasi hadi kilomita 10, kuendesha nusu dakika ili zipoe, na kurudia mara 20 hivi bila kusimama kabisa huku mguu ukiwa kwenye breki.

Mafuta ya breki nayo yasisahauliwe. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka upesi. Mafuta ya daraja la DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205, huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140 yakishalowa. Ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Cheti hakipimi unene

Suala hili ni zito zaidi kwa magari ya abiria. Matatu ya viti 14 hufunga breki mara nyingi kwa siku kuliko gari la binafsi kwa wiki, na diski zake za mbele hulika kwa kasi inayolingana na hiyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari liwe na breki zinazofanya kazi ipasavyo, na magari ya uchukuzi hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA).

Lakini mashine ya ukaguzi inayozungusha magurudumu hupima nguvu za breki kwa wakati ule, na tofauti kati ya kushoto na kulia. Haipimi unene wa diski. Gari linaweza kupita asubuhi, breki zikiwa baridi, ilhali diski zake zimebakiza chuma kisichotosha kuhimili mteremko wa Mai Mahiu jioni likiwa limejaa abiria. Cheti hakiondoi wajibu wa mwenye gari.

Wajibu huo hauhitaji elimu ya uhandisi. Unahitaji maswali manne ambayo kila mteja ana haki ya kumuuliza fundi kabla ya kukubali kazi. Kiwango cha mwisho kilichochorwa ni kipi? Unene uliopimwa ni upi? Baada ya kukereza zitabaki milimita ngapi? Na kilichosababisha kasoro hiyo kimerekebishwa?

Fundi mwenye maikromita atajibu kwa nambari, na mteja ataandika nambari hizo kwenye risiti ili azilinganishe na za safari ijayo. Asiye na maikromita atajibu kwa uzoefu wake, na huenda uzoefu huo ni mwingi. Hata hivyo, milimita 23.6 na milimita 22.9 hazitofautiani machoni mwa mtu yeyote.